Niliiponya Mara Tatu

Kabla hujaanza kunicheka, ujue kwamba cheti ninacho. Mama alikitia kwenye fremu ya mninga akakitundika sebuleni juu ya televisheni, na mgeni hapewi chai mpaka akisome. Asiyejua kusoma anasomewa. Kinasema mimi ni fundi wa mashine za baharini, na nilifaulu vizuri. Swali la gavana wa mashine nilipata alama zote. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nilikuwa na miezi miwili kazini kwenye boti ya mbao inayopiga safari kati ya Nyamisati, huku kwenye delta ya Rufiji, na Kilindoni kisiwani Mafia. Mashine yake ni ya silinda 6. Ilizaliwa kwenye lori, ikala barabara mpaka ikachoka, kisha ikahamia baharini uzeeni kama mstaafu anayenunua shamba la minazi. Kabla yangu boti haikuwa na fundi. Nahodha mwenyewe ndiye aliyekuwa akiihudumia kwa spana namba 17, nyundo na Ayatul Kursi, na kwa maelezo yake haikuwahi kumlaza njiani hata siku moja. Mwenye boti alipoamua kuajiri mtu mwenye cheti, Nahodha hakupinga. Alinipa mkono, akaugeuza, akaukagua. "Karibu mwanangu," akasema. "Kucha safi hizi."

Siku ya tukio tulikodiwa na watu wa harusi. Bwana harusi wa upande wa bara, biharusi yuko Kilindoni, nikahi baada ya Alasiri. Tulipakia wajomba, mashangazi, wapiga ngoma, masinia, mbuzi wawili na kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni, ambalo kila aliyepita mbele yake alisimama kidogo kuweka kofia sawa. Tukampakia na bibi yake bwana harusi, mzee wa miaka themanini na ushei, aliyetandikiwa mkeka wake peke yake kule tezi, karibu na mfuniko wa tangi la mafuta. Akaegemea vibomba vya pale kama aliyekaa barazani kwake.

Wageni hawa walikuwa wamelala Nyamisati tangu jana yake, maana pale maji yasipojaa hutoki. Mimi nikaitumia jioni hiyo kuifanya boti ifanane na harusi. Nikapiga sitaha yote maji kwa pampu, nikasugua, nikapaka rangi ya buluu ubavuni, hindi la kuchoma mkono mmoja na brashi mkono wa pili. Asubuhi na mapema nikajaza tangi pomoni. Lita 200. Nilikuwa nimejipanga mtoto wa watu, lazima niseme ukweli.

Tukang'oa nanga saa mbili asubuhi, mikoko imezama mpaka magotini, vigelegele juu, mimi chini na pamba masikioni. Nusu saa haijatimia, mashine ikaanza.

Ikawa inapumua. Sina neno jingine. Vuuuuum, inapanda, inajaa kifua. Kisha vuuu, inalegea mpaka unadhani inazimika. Kisha inapanda tena na kutema moshi mweusi. Mshale wa mizunguko, ambao niliuacha umetulia kwenye 1,600, ukaanza kutembea: 1,800, 1,300, 1,800, 1,300, kama mwanamume anayesubiri mkewe ajifungue. Kule juu wapiga ngoma hawakujua kuwa ni ugonjwa. Walidhani tumeamua kuwaitikia. Mashine ikipanda wimbo unakimbia, ikishuka wimbo unaburura miguu, na mashangazi wakakubaliana kwamba boti hii ina mahadhi.

Nikapanda juu kuutazama moshi.

"Shikamoo bibi," nikampita mzee wa watu.

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu ana pumu."

"Nani bibi?"

"Huyu wako wa chini. Marehemu mume wangu alikuwa nayo. Mtu wa pumu namjua hata nikiwa nimelala. Hewa haiingii."

Nikacheka kwa adabu. Nikamweleza kwamba mashine ya dizeli ina njia yake ya hewa, pana, na chujio lake nimelisafisha juzi kwa mikono yangu hii. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Haya," akasema.

Sasa, mashine ikipanda na kushuka namna ile, mashaka ya kwanza ni mawili. Ama mafuta hayaifikii sawasawa, au yule anayeipimia mafuta amechanganyikiwa. Anayepima ndiye gavana. Moyo wangu wote ulikuwa kwa gavana. Lakini Nahodha akasema, "Anza na filta," na kwa kuwa usukani alikuwa nao yeye, na boti ilikuwa imeshaanza kusogelea mikoko, nikaanza na filta.

Tukatia nanga, tukazima. Nahodha ana sheria moja: mashine ikizimwa njiani kwa sababu yoyote, kabla ya jingine lolote utingo afungue tangi apime mafuta kwa kijiti. Inasemekana ujanani, kwenye boti nyingine, alifungua mashine nzima mpaka nati ya mwisho, kumbe dizeli imekwisha. Basi utingo, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na cheti cha aina yoyote, akazungusha mfuniko.

Fyuuuuup!

"Fundi," akasema, "tangi limevuta pumzi."

"Tangi halivuti pumzi. Mafuta yapo?"

"Yapo tele."

"Basi funga, lete ndoo."

Naomba mazungumzo haya uyashike. Yatarudi.

Filta nilipoitoa ilikuwa na uteute mweusi. Nilifurahi kama niliyeokota pochi. Dizeli ikikaa na maji tangini, pale vinapokutana huota vijidudu, vikifa vinakuwa matope, matope yanakwenda kukaa kwenye filta. Nikaipandisha juu kuwaonyesha abiria, wakaipitisha mkono kwa mkono, mashangazi wakaziba pua. Nikatia mpya, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikapiga pampu ya mkono mpaka povu likaisha na dizeli tupu ikatoka.

Wakati huo Nahodha alikuwa anawaliwaza watu kwa historia. Aliwaambia wasione aibu kuharibikiwa na mashine mle, kwani walishaharibikiwa wakubwa. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza iitwayo Pegasus pale Unguja, kisha mashine ikawaletea matatizo, ikabidi waje wajifiche humu humu kwenye delta. Vipande vya mashine vikafunguliwa, vikabebwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Lakini Waingereza walikuwa wameshaziba mdomo wa mto. Wakaishika Mafia, wakarusha ndege kutoka huko kuitafuta, na Julai 1915 wakaipiga mpaka Wajerumani wenyewe wakaizamisha.

"Kwa hiyo walikaa humu muda gani?" bwana harusi akauliza. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki, kanzu nyeupe, hataki kuguswa na kitu.

"Miezi tisa na zaidi."

"Miezi tisa!" shangazi mmoja akashika kichwa. "Hiyo si mimba kamili?"

Nikawasha. Mashine ikanguruma kwa sauti moja, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Wakanipigia makofi, na Nahodha akanipa kikombe cha kahawa kwa mkono wake.

Dakika arobaini na tano, tumeshatoka delta, tuko kwenye mkondo wa Mafia na mawimbi yanatubembeleza: vuuuuum, vuuu. Vuuuuum, vuuu.

Safari hii ikaongezeka na sauti nyingine. Kutoka chini ya sitaha: GOH! Moja tu, nzito, kama mtu aliyepiga debe kwa kiwiko. Ngoma ikanyamaza. Mjomba mmoja akasema kuna anayebisha hodi kutoka majini, na watu wakaanza kukumbuka mambo ambayo hayana faida kukumbukwa ukiwa baharini.

"Mbavu hizo," bibi akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Mwenye pumu akibanwa mbavu zinaingia ndani. Hamjawahi kuona?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa natafuta tochi.

Utambuzi wangu wa pili ulikuwa hewa kwenye njia ya mafuta, na hapa ninajitetea: ulikuwa na ushahidi. Watu wengi hudhani paipu ya dizeli ikiwa na tundu utaona dizeli inavuja. Upande wa baada ya pampu, sawa. Lakini kati ya tangi na pampu mafuta yanavutwa, hayasukumwi, kwa hiyo penye tundu hapatoi mafuta, panaingiza hewa, na unaweza kupapangusa na kitambaa cheupe pakabaki pakavu. Ili uione hewa unahitaji kipande cha mpira unaoonyesha. Miongoni mwa abiria alikuwemo fundi mwashi, na fundi mwashi hasafiri bila mpira wake wa levo. Akaukata huku roho inamuuma. Nikauunga kabla ya pampu, tukawasha kidogo, na kweli: vipovu, vimepangana kama shanga.

"Umeona?" nikamwambia utingo.

"Nimeona, fundi. Lakini kwa nini leo tu?"

Swali zuri sana. Nilimtuma akachote maji.

Tukazima. Utingo, kwa sheria ya Nahodha, akafungua tangi. Fyuuuuup! Akanitazama. Nikamtazama. Akafunga. Mimi nikaingia kazini: nikabadilisha washa za shaba, nikakaza kila nati, penye mashaka nikapaka sabuni ya mche na kuzungushia uzi. Saa moja na nusu, jua la kaskazi utosini, mbuzi mmoja ametapika. Nilipowasha nikautazama mpira wa levo. Hakuna hata kipovu kimoja. Mashine imetulia tuli.

Makofi yakapigwa tena, ingawa nusu. Kahawa haikuja.

Ikaenda saa nzima. Nikaanza kujipiga kifua: ya kwanza ilidumu nusu saa, iliyofuata dakika arobaini na tano, sasa saa nzima! Kila dawa yangu inazidi kuwa kali. Leo hii nikikumbuka hesabu hiyo nataka kujifukia mchangani, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya tarakimu zile zile, limekaa linaninyooshea mkono. Utaona.

Vuuuuum, vuuu. GOH!

"Ni gavana!" nikapaza sauti, na sikuweza kuficha furaha.

"Gavana?" akauliza mjomba wa bwana harusi, mwalimu mstaafu. "Yule wa Benki Kuu?"

"Gavana wa mashine, mjomba. Ndiye anayepandisha na kushusha mafuta."

"Ehe, kumbe ndiye anayeipandisha dizeli."

"Na kuishusha," nikasema.

"Kuishusha lini?" wakauliza watu kama sita kwa pamoja.

Nikawapa somo. Nikawaeleza kwamba ndani ya pampu kuna vyuma viwili vinavyozunguka pamoja na mashine. Mashine ikienda mbio vinatanuka, vinavuta ufito wa chuma uitwao reki, mafuta yanapungua. Ikilegea, springi inavirudisha, mafuta yanaongezeka. Nikawaambia kwamba James Watt aliifungia mashine ya mvuke kifaa cha namna hiyo mwaka 1788, na kwamba miaka themanini baadaye, mwaka 1868, Mskoti mwingine, James Clerk Maxwell, aliandika hesabu za kueleza kwa nini gavana wakati mwingine anazidisha dawa: anaongeza mno, anashtuka, anapunguza mno, anashtuka tena, mashine inabaki inapanda na kushuka bila kutua. Mwalimu mstaafu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana harusi aliangalia saa yake. Ilikuwa saa saba kasoro.

Bibi akauliza, "Na huyo Maksiweli alikuwa na pumu?"

Kufungua gavana baharini ni sawa na kumtoa mtu jino kwenye daladala. Pale kwenye pampu kuna waya mwembamba wenye sili ya risasi, na maana yake inaeleweka kwa lugha zote: usiguse, ana mwenyewe. Nikaikata. Nikatoa mfuniko, nikaosha kwa dizeli, nikatikisa reki kwa kidole. Ilikuwa laini, inateleza, haina kosa lolote, nami nikaidhania mabaya hivyo hivyo. Nikakaza springi kidogo. Nikazungusha skrubu ya sailensa, ile inayopanga mwendo wa mashine ikiachiwa. Springi moja ndogo ikaruka ikaingia ngamani, nikaifuata humo kwenye maji meusi kwa kupapasa, nusu saa, kifudifudi, kucha zangu zikakoma kuwa safi tangu siku hiyo. Nikiwa mle chini nilimkumbuka Rudolf Diesel mwenyewe, mwenye jina lake, ambaye usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli kwenda Uingereza na asubuhi hakuonekana tena. Watu wameandika mengi kuhusu sababu. Mimi sikuandika kitu, nilimwelewa tu.

Tulipowasha ilikuwa karibu saa tisa. Mashine ikanyooka. Lakini sasa, hata Nahodha alipoiachia kabisa, haikushuka chini ya 1,100, wakati sailensa yake ni 700.

"Mbona inakimbia?" akauliza.

"Ndiyo afya yenyewe," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Utingo, ambaye alikuwa ameshafungua na kufunga tangi lake na kusikia fyuuuuup lake la tatu, alikaa ananitazama kwa macho ya mtu aliyeamua kuokoa kibarua chake kwa kunyamaza.

Ikaenda saa nzima na zaidi. Kilindoni ikaanza kuonekana, kwanza minara ya simu, kisha minazi, kisha gati lenyewe likiingia baharini kama ulimi. Watu wakaanza kujipaka mafuta. Bwana harusi akasimama mbele ya kioo cha kabati. Nami nikapanda juu nikakaa mahali nitakapoonekana.

Vuuuuum.

Nikafumba macho. Vuuu.

Nikashuka kabla hajaniita mtu. Nikamshika gavana, bisibisi mkononi, mashine ikipanda na kushuka mbele ya uso wangu, tangi limepiga GOH mara mbili. Nikaapa sitoki mle mpaka mmoja wetu ashinde. Nikageuza skrubu robo kulia. Vuuuuum. Robo kushoto. Vuuu. Robo kulia tena.

Ikatulia.

Ghafla, kama mtoto aliyepewa ziwa. 1,600, mshale umesimama dede. Nikangoja dakika nzima. Umesimama. Nikatupa bisibisi, nikaruka ngazi mbili mbili, nikatokeza kichwa juu ya sitaha nikiwa mweusi wa mafuta mpaka kwenye meno, nikapiga ukelele:

"Nimeipata! Nimeipata! Gavana!"

Hakuna aliyenigeukia. Boti nzima ilikuwa tezi, imemzunguka bibi. Ushungi wa kanga yake ulikuwa umeng'ang'ania kwenye kibomba kimoja, mashangazi wawili wanauvuta, na yeye mwenyewe anasema kwa sauti tulivu kabisa, "Linanivuta. Mwacheni kwanza avute, maskini, alikuwa amebanwa." Kanga ikachomoka. Kibomba kikaendelea kupiga mluzi, fyuuuuu, muda mrefu, kisha kikanyamaza. Na mkononi mwa bibi kulikuwa na gunzi la hindi la kuchoma.

"Lilikuwa linanichoma mgongo tangu asubuhi," akaeleza. "Nikalichomoa."

Mwili wangu ulielewa kabla ya akili. Magoti ndiyo yaliyoanza.

Tangi la mafuta lina kibomba cha kupumulia. Mafuta yakitoka, hewa inaingia mahali pake. Umewahi kutoboa kopo la mafuta ya kula tundu moja tu? Yanatoka kwa kwikwi, bwi, bwi, bwi. Ukitoboa la pili upande wa pili, yanamiminika. Hilo hata mama lishe anajua. Kibomba chetu kilipaswa kuwa kimekunjwa kichwa kama mkongojo ili maji yasiingie, ila mkongojo ulishakatika, kimebaki kimetazama mbinguni. Na jana yake jioni, kijana mmoja mwenye cheti, akiosha sitaha kwa pampu na kuogopa maji yasije yakaingia kwenye dizeli yakaotesha vijidudu, alikiziba kwa muda na kitu cha kwanza alichokuwa nacho mkononi.

Rudi nyuma sasa uhesabu nami. Asubuhi tangi limejaa pomoni, nafasi ya hewa ni kidogo, kwa hiyo nusu saa tu ya kunywa dizeli bila kurudishiwa hewa inatosha kulibana: pampu inavuta, tangi linakataa. Gavana, maskini, anaona mashine inalegea, anafungulia, mafuta yanakuja kwa kwikwi, mashine inaruka, anafunga. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyekuwa anafanya kazi yake. Kisha tunazima, utingo anafungua mfuniko, hewa inaingia, tangi linapona, na mimi nabadilisha filta! Safari ya pili dizeli imepungua, nafasi imeongezeka, inachukua dakika arobaini na tano. Ya tatu saa nzima. Vipovu kwenye mpira wa levo? Tangi lililobanwa lilikuwa linanyonya hewa popote penye upenyo kwenye viungio. GOH? Bati la tangi likiingia mbavu ndani. Kila kitu alichosema bibi.

"Gunzi la nani hili?" Nahodha akauliza. Aliuliza kwa upole mno.

Nikafungua mdomo nitaje watoto wa Nyamisati. Mungu anisamehe, jina la mtoto lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Si lake mwenyewe?" bibi akasema, akinielekezea gunzi. "Jana magharibi nilikuwa nimekaa pale gatini, nikamwona anakula, alipomaliza akalitia hapo, akalipigapiga na kiganja likae. Nikasema mafundi wana mambo yao."

"Bibi," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia hewa haiingii. Ukaniambia umesoma."

Hapo ndipo mbuzi alipolia, na boti nzima ikalipuka. Walicheka wajomba, walicheka mashangazi, mpiga ngoma alicheka amelalia ngoma yake. Bwana harusi, ambaye hakuwa ametoa hata tabasamu tangu saa mbili asubuhi, alicheka mpaka akasahau kanzu na kukaa juu ya gunia la mkaa. Utingo hakucheka. Alikuja akanisimamia pembeni, akanong'ona, "Lilikuwa linavuta pumzi, fundi." Akaondoka.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini kumbuka skrubu ya sailensa. Tunaingia gatini, Nahodha anaachia mafuta, na boti, kwa afya ile niliyoipa, inaendelea kukimbia kama yenye deni. Watu kwenye gati waliokuja na vigelegele wakaanza kurudi nyuma. Nahodha akapiga kelele nizime, nikavuta kizimio, mashine ikakata, tukateleza kwa kasi iliyobaki mpaka matairi ya gati yakatupokea kwa kishindo. Masinia yaliimba. Kioo cha kabati kilipona, ingawa bwana harusi alishuka na michirizi ya mkaa nyuma ya kanzu, na nikahi ikasogezwa mpaka baada ya Magharibi ili apatikane wa kumwazima nyingine.

Mimi sikwenda harusini. Nilibaki kwenye boti nikirudisha skrubu kidogo kidogo mpaka sailensa ikakaa 700. Baada ya Isha nikamwona utingo anakuja gatini kabeba sinia lililofunikwa kawa. "Umeletewa na bibi," akasema, akasimama pale pale, haondoki. Nikafunua. Pilau ya harusi, moshi bado unatoka, mapande ya nyama yamepangwa pembeni, na katikati, limesimamishwa wima kwenye wali, limeoshwa likawa jeupe: gunzi.

Pilau nililila. Kibomba kilishachomelewa mkongojo wake. Gunzi nimelitundika kwa uzi kwenye chumba cha mashine, juu ya gavana, na Mama tangu asikie habari zake anauliza kama litaenea kwenye fremu.